Jinsi ya kuomba msamaha wa matibabu ya mtoto na kurekebisha bili iliyokosewa

Mwanangu ana miaka minne. Alilazwa hapa Kigoma kwa malaria kali, damu ikiwa imepungua sana, na tulipopewa ruhusa tukakabidhiwa bili ya shilingi 164,500. Sera ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi kwenye vituo vya serikali. Nilihangaika siku tatu, na sitaki mzazi mwingine azipoteze siku hizo.

Tatizo lilianzia mapokezi. Tulifika saa nane usiku kwa bodaboda kutoka Kibirizi, mtoto anatetemeka kifuani kwangu. Nikakimbilia naye ndani, shemeji akabaki dirishani kujibu maswali. Alipoulizwa umri akasema, "Kama miaka sita hivi." Ikaandikwa 6. Kuanzia hapo kila dawa, kila kipimo na kila siku ya kitanda vikaingia kwenye mfumo kama vya mgonjwa wa kulipa. Kwa hiyo asubuhi yake, mtoto akishatulia, omba kuonyeshwa umri na tarehe ya kuzaliwa vilivyoandikwa. Visome kwa macho yako, usikubali kuambiwa tu kwamba viko sawa.

Ushahidi unaokubalika haraka ni kadi ya kliniki. Cheti cha kuzaliwa nacho kinafaa.

Umri ukiwa umekosewa, usianzie kwa mhasibu. Mimi nilisimama kwenye foleni yake tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita, mtoto mgongoni, nikajibiwa kwamba yeye anatoza kilichomo kwenye mfumo. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyohiyo. Afisa akishaiona kadi anaandika maelezo, watu wa kumbukumbu wanarekebisha umri, ndipo uhasibu unapiga hesabu upya. Kama ulishatolewa kontroo namba (namba ya kulipia serikalini) ya bili ya kwanza, sema wazi kwamba ifutwe, na usitoke dirishani mpaka uone imefutwa. Yangu haikufutwa. Nilirudi wodini na karatasi mpya mkononi, muuguzi wa zamu akafungua kompyuta, deni bado liko palepale, na ilikuwa Ijumaa saa kumi. Ofisi zikafungwa. Tukalala hapo hadi Jumatatu na mtoto aliyekwisha kupona, katikati ya watoto wanaoumwa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko pesa.

Mtoto akishavuka miaka 5, msamaha unatolewa kwa familia isiyo na uwezo, na hapo utahitaji barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Iwe na jina la mtoto kama lilivyo kwenye faili, picha, na muhuri. Mama wa kitanda cha pili, mwanawe ana selimundu, alitoka Uvinza na barua isiyo na muhuri, ikabidi arudi nayo. Nauli ya kwenda na kurudi aliikopa kwetu wodini. Usingoje siku ya ruhusa: mwone afisa ustawi siku ileile mtoto anapolazwa.

Hata bili unayostahili kulipa, omba mchanganuo wake. Kaa nao pembeni, hesabu siku ulizolala, linganisha dawa na zile zilizoandikwa kwenye faili. Kwetu palikuwa na siku 6 za kitanda, na wakati ule tulikuwa tumelala 4. Damu haiuzwi, ndugu wanaweza kuombwa kuchangia, lakini bei ya damu yenyewe haipo. Lipa kwa kontroo namba tu, na tunza risiti.

Mkishindwa kuelewana, andika barua kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Andika tarehe, namba ya faili na kitu unachokipinga, basi. Akitokea mtu wa kukuomba hela bila risiti, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure.

Jumatatu saa nne tulitoka, mtoto akiwa bado na plasta ya dripu mkononi, hataki iguswe. Kadi yake sasa iko kwenye bahasha, imening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila mtu nyumbani anajua ilipo, shemeji akiwemo.