Meli ikifunga gati asubuhi, ndege ya kurudi ukate ya saa ngapi?

Kila likizo ikikaribia lazima kuna mtu atanipigia, "kaka, tumepata dili ya kruzi Miami, meli inarudi Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, nimeona ndege ya saa nne ni rahisi, nikate?" Usikate. Mimi nilikata. Kruzi ni ile safari ya mapumziko ya kukaa melini siku kadhaa, na yetu ya kwanza, mimi na mke wangu na watoto wawili, ndege ya kurudi kwetu Minneapolis ilikuwa saa nne na robo asubuhi, nikajiona mjanja kwelikweli maana tungefika nyumbani mapema watoto walale, kesho yake shule. Na meli haikuchelewa hata dakika moja, ilifunga gati saa ileile waliyosema, lakini sisi kushuka tukashuka saa tatu kasoro dakika kumi, nje foleni ya teksi imezunguka jengo, tulipofika kaunta ya mabegi yule dada akaniangalia kwa huruma akaniambia mabegi yamefungwa dakika kumi zilizopita. Nikanunua tiketi nne mpya za jioni. Bei siitaji, ila mke wangu anaikumbuka mpaka senti.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu. Nilianza na saa ya meli nikaenda mbele, wakati inatakiwa uanze na ndege urudi nyuma.

Maana meli kufunga gati na wewe kushuka ni vitu viwili tofauti kabisa. Ikishafika, maofisa wa bandari na uhamiaji wanaikagua kwanza, mpaka watoe ruhusa hakuna abiria anayekanyaga nchi kavu, hata ungesimama mlangoni na begi lako toka alfajiri. Meli ya kufika saa kumi na mbili, wa kwanza kushuka mara nyingi ni saa moja na nusu hivi, wa mwisho saa tatu na nusu au saa nne. Wa kwanza ni wale waliokubali kubeba mabegi yao wenyewe, hao wanatoka mapema lakini ngazi na lifti wanazijua wao, usijaribu ukiwa na mtoto mgongoni na masanduku matatu. Wengine wote usiku wa mwisho mnaweka mabegi nje ya mlango wa kabini kabla ya saa nne au saa tano usiku, yakiwa na tagi zenye namba au rangi, asubuhi mnangoja namba yenu iitwe, halafu mnayakuta chini kwenye ukumbi yamepangwa. Na jamani kabla hujatoa sanduku nje toa kwanza paspoti, dawa na nguo za asubuhi, kuna mzee nilimuona anashuka na pajama na viatu vya suti, sanduku lilishachukuliwa.

Haya sasa tupige hesabu. Ndege saa saba mchana. Mashirika mengi Marekani kwa safari za ndani yanafunga mabegi dakika 45 kabla, maana yake saa sita na robo, na huwezi kufika hiyo saa sita na robo ukakuta kaunta inakusubiri wewe, kwa hiyo uwe eapoti saa tano. Barabarani nusu saa, foleni ya teksi nusu saa nyingine, basi saa nne uwe umeshatoka jengo la bandari. Hata ukiwa kundi la mwisho unawahi. Ndio maana mimi kwa Miami sikati kitu chochote kabla ya saa saba, na saa nane au saa tisa ndio napapenda zaidi. Kukata ya saa mbili usiku nako ni mateso mengine, maana mashirika mengi hayapokei begi mpaka yabaki masaa manne, utakaa na masanduku yako kwenye viti mpaka mgongo ulie.

Hizi dakika za barabarani zinategemea bandari, na hapa watu wanachanganya sana. Bandari ya Miami na eapoti ya Miami ni kama kilomita 13, robo saa mpaka nusu saa. Port Everglades iliyoko Fort Lauderdale ndio raha yenyewe, eapoti iko pale jirani, kilomita tatu nne tu. Ila ukishuka Miami ukakuta umekata ya kuondokea Fort Lauderdale kwa sababu ilikuwa rahisi, hiyo ni kilomita 45 hivi na foleni ya barabara kuu ya I-95 juu yake, inafanyika lakini ongeza saa zima. Halafu kuna Port Canaveral ambayo matangazo yanaiita Orlando, Orlando ipi, kutoka pale mpaka eapoti ya Orlando ni zaidi ya kilomita 70. Walioko Texas wanaoondokea Galveston, eapoti ya karibu ni Hobby, ile kubwa ya Bush iko kaskazini huko, lazima uivuke Houston nzima. Na Galveston na Tampa majira ya baridi kuna ukungu, mlango wa bandari unafungwa meli inakaa nje masaa inangoja, kwa hiyo Januari na Februari huko mimi ningelala hoteli usiku mmoja nipande ndege kesho yake, roho inatulia. Vimbunga navyo msimu wake ni Juni mosi mpaka mwisho wa Novemba, meli inaweza kubadilisha siku ya kurudi, miezi hiyo bima ya safari nunua tu.

Kukata tiketi kwenyewe, angalia kwanza kruzi inaishia wapi. Zile za Caribbean nyingi zinarudi palepale zilipoanzia, kwa hiyo tiketi ya kwenda na kurudi inafaa. Za Alaska sio zote, kuna zinazoishia Vancouver, Kanada, na kuna zinazoishia Seward au Whittier hukohuko Alaska, na Seward mpaka eapoti ya Anchorage ni kama kilomita 200, hiyo ni safari ya basi au treni sio teksi. Ikiishia Vancouver mwenye grinkadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, anapita na grinkadi yake na paspoti, lakini mgeni wako aliyetoka Dar au Nairobi na viza ya Marekani peke yake atahitaji na ya Kanada, na ukaguzi wa kuingia Marekani unafanyika palepale eapoti ya Vancouver kabla hujapanda ndege, foleni hiyo nayo ihesabu. Hata kruzi ya Caribbean, mgeni akishuka anaingia Marekani upya, soma kwenye viza yake pale penye idadi ya kuingia, ikiwa M ni mara nyingi, ikiwa 1 basi alishaitumia siku aliyotua.

Ukishakata, una masaa 24 ya kughairi na kurudishiwa hela yote kama umekata moja kwa moja kwenye shirika na safari iko siku saba mbele au zaidi, ni sheria ya Marekani, kwa hiyo kata halafu usiku ule kaa chini upige hesabu upya. Kampuni za meli nazo zinauza tiketi za ndege, wakati mwingine bei iko juu kidogo, faida yake ni kwamba meli ikichelewa wao wanahangaika kukutafutia ndege nyingine, sio wewe uko kwenye simu unasikiliza muziki.

Kuchekin, yaani kujiandikisha mtandaoni kwamba unasafiri, kunafunguliwa masaa 24 kabla ya ndege na muda huo uko katikati ya bahari, waifai ya meli ni ya kulipia, basi nunua hata ya siku moja hiyo ya mwisho, chekin, piga skrinshoti za tiketi zote. Simu iache kwenye hali ya ndege, mtandao wa simu wa baharini utakuletea bili ya ajabu. Ramu uliyonunua Jamaica iende kwenye begi kubwa, mkononi wataitupa, hakuna chupa ya zaidi ya mililita 100 inayopita pale.

Halafu kuna hii ya saa zetu. Mwaka juzi tulimchukua mama, kaja kutoka Tanga, ndege yetu ilikuwa 3:10 mchana. Asubuhi tuko meza ya chai kwenye meli, mama hali, anaangalia karatasi anaangalia ukuta, mwisho akasema "mwanangu, saa tatu hiyo inagonga na nyie bado mnakata mikate?" Kaiona 3:10 kaisoma saa tatu na dakika kumi, na saa ya ukutani kweli ilikuwa inakaribia saa tatu asubuhi. Tangu hapo wazee nawaandikia kwenye karatasi kwa Kiswahili, saa tisa na dakika kumi alasiri. Na wewe mwenyewe ndege ikiandikwa 12:20 AM Jumatatu jua ni usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, nawajua wawili walioenda eapoti Jumatatu jioni na masanduku yao.

Wazee omba kiti cha magurudumu mara mbili, kwenye meli na kwenye shirika la ndege, hawa hawaambiani.

Kama mgeni anatoka kwenye meli anaunganisha nyumbani moja kwa moja, Miami inafaa zaidi maana ndege za Qatar, Turkish na Emirates zote zinaruka kutoka pale na zote zinafika Dar na Nairobi. Hapo uwe kaunta masaa matatu kabla. Ukitaka ya Kenya Airways ile ya moja kwa moja mpaka Nairobi lazima ufike kwanza JFK, eapoti ya New York, na kipande cha Miami mpaka New York kiwe kwenye tiketi hiyohiyo moja, ukikata mbalimbali begi utalilipia kwenye ndege ya ndani, utalichukua New York na kulichekin upya, na ya kwanza ikichelewa ya pili haina habari na wewe. Mama tulimkatia moja, begi likaandikwa DAR, yaani Dar es Salaam, palepale Miami, akabaki na mkoba wake na zile sabuni ndogo za kwenye kabini.