Namna ya kuwarithisha watoto zilipendwa bila kugombana nao

Wazazi wenzangu tuliokulia kwenye zilipendwa, yani nyimbo za zamani za bendi za dansi kama Msondo na Sikinde, tuna tatizo linalofanana, gita la zamani likianza tu kulia sebuleni mtoto anatafuta rimoti, na sisi hapohapo tunaanza hotuba, "huu ndo muziki, siyo hayo makelele yenu". Ukishasema hivyo basi, huyo mtoto hausikilizi tena wimbo, anakusikiliza wewe unavyogomba, na kila wimbo wa mwimbaji Marijani Rajabu utakaopiga baada ya hapo utakuwa unanukia ugomvi. Kwahiyo cha kwanza kabisa acha hotuba, acha kabisa. Muziki wa wazazi unaingia kwa mtoto wakati anafanya kitu kingine na hakuna anayemwangalia usoni kuona kama ameupenda.

Alafu kuna suala la wapi pa kuanzia kwenye wimbo wenyewe. Nyimbo za dansi zilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi, watu wana usiku mzima, kwahiyo wimbo unaenda dakika saba nane bila wasiwasi. Mwanzo ni taratibu, mwimbaji anakusimulia habari yake beti kwa beti, alafu katikati ndo linakuja chemko, magita ya solo na rithim yanaanza kujibizana, tumba zinapanda, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja, maneno yanapungua. Mtoto wa miaka minne mitano hana subira ya kusubiri mpaka huko. Mpelekee mbele moja kwa moja mpaka kwenye chemko, mwache aruke mpaka achoke, hizo beti atakuja kuzikuta mwenyewe akishafika umri wa kupenda hadithi. Najua kuna watu wanaona kukata wimbo ni dhambi, mi sioni hivyo, chemko ndo lilikuwa linawainua hata wale waliokuja ukumbini kukaa tu na soda yao.

Sasa sauti. Hapa wengi hawapafikirii na ndo panaharibu. Enzi hizo bendi zilikuwa zinarekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na nchini hatukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, zilikuwa zinaenda kutengenezwa Kenya, kwahiyo nyimbo nyingi hazikuwahi kutoka kwenye santuri kabisa, zilibaki kwenye tepu za redio na kwenye kaseti za watu waliokuwa wanarekodi nyumbani moja kwa moja kutoka redioni. Hiyo kaseti ikaja kurekodiwa kwenye kaseti nyingine, ile nyingine ikaingia kwenye kompyuta, leo unaikuta Youtube inakwaruza kama sufuria linasuguliwa mchanga alafu unamlaumu mtoto kwamba hajui muziki. We mwenyewe unaisikia vizuri kwasababu kichwani mwako unao ule wimbo halisi, yeye hana. Kwahiyo tafuta kopi safi, wimbo mmoja unaweza kuwa umewekwa na watu kumi tofauti, zisikilize zote uchague moja. Na usimpigie kwenye spika ya simu, besi haitoki kule na dansi bila besi ni nusu ya muziki, tumia sabufa hata ile ndogo ya sokoni, au heseti nzuri. Ila sauti iwe ya kiasi, shirika la afya duniani, WHO, linasema kwa watoto isizidi desibeli 75 kwa masaa 40 kwa wiki na kwa mtu mzima desibeli 80, na sabufa zetu za uswahilini zinapita hapo kirahisi sana.

Baada ya hapo upe muziki kazi ndani ya nyumba. Kwetu ni jumamosi asubuhi, siku ya kufua na kudeki, flashi inaingia kwenye redio na hakuna anayeulizwa anataka nini, ndo muziki wa kufulia huo. Sihitaji mtu akae asikilize. Binti yangu akiwa anasuuza nguo hajui hata kama anaimba, ila ukisogea karibu na beseni unamsikia, anafuata kiitikio na anajua kabisa pa kuvuta na pa kukata, na akikamua shati anakamua na mdundo. Huyo ukimwambia "kumbe unaupenda huu wimbo eeh" atanyamaza hapohapo. Usimwambie. Pita kama unaenda kuanika.

Kuna mchezo mmoja nauamini sana kwa watoto kuanzia miaka saba hivi, nauita kufuata gita. Unachagua wimbo mmoja, unamwambia leo sikiliza besi peke yake, mengine yote yaache yapite. Anaiimba kwa mdomo, du du duu, mpaka aishike. Kesho yake au wiki ijayo mnahamia kwenye rithim, lile gita linalopiga kitu kilekile bila kuchoka, alafu second solo, alafu solo lenyewe. Mtoto akishaweza kuyatenganisha magita yote hayo yanayoongea kwa wakati mmoja kuna kitu kinafunguka, anaanza kuona kwamba kumbe kuna watu wengi pale ndani na kila mtu ana kazi yake, na hapo ndo anaanza kukuomba urudie. Mi nadhani hiki ndo kitu kikubwa kuliko vyote mzazi anaweza kumpa mtoto kwenye muziki, sikio, kwasababu hata akiamua kutosikiliza dansi maisha yake yote hilo sikio ataenda nalo kwenye muziki wowote atakaoupenda.

Na stori, usisahau stori, watoto wanapenda watu kabla ya kupenda nyimbo. Mtoto wa sasa ukimwambia kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, polisi walikuwa na bendi yao, vyama vya wafanyakazi bendi, shirika la bima bendi, anashangaa kweli. Mwambie Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, chama cha wafanyakazi kikibadili jina na bendi inabadili, na Sikinde ikaja 1978 kwa jina la Mlimani Park, na hizo mbili zimekuwa watani wa jadi kama Simba na Yanga, mashabiki wao hawakai meza moja. Hapo mwulize yeye angekuwa upande gani. Ukiwa naye kwenye daladala mkapita Sinza kituo cha kwa Remmy mwambie huyo Remmy alikuwa nani, Remmy Ongala, kazaliwa Kindu Kongo 1947, akaja Dar 1978 kwenye bendi ya Makassy, baadaye akawa na Super Matimila, akaimba habari za watu wa chini mpaka Ulaya wakamjua, kafariki Desemba 2010 na kituo bado kinaitwa kwake. Mwambie Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu, alafu hapohapo mpigie gita lake. Usianze na wasifu mrefu, dakika mbili zinatosha, wimbo ufuate haraka.

Kwenye maneno uwe mkweli. Dansi ina nyimbo za mafunzo lakini pia ina nyimbo za ulevi, za kugombea wanawake, na kuna zingine zinamsema mwanamke vibaya sana, ukikaa na binti yako ukazisikiliza kwa masikio yake utaona. Mi nazipiga lakini nasema, hapa huyu bwana amekosea, mke siyo mali yake. Mtoto akiona unapenda kitu na bado unaona kasoro yake anakuamini zaidi. Remmy mwenyewe aliimba habari za kondomu wakati wa ukimwi, Mambo kwa Soksi, Radio Tanzania wakakataa kuipiga, huo ni wimbo wa kumsubirisha mpaka afike umri wa kuongelea hayo mambo, na akifika ni msaada mkubwa kwasababu unaanzisha maongezi ambayo wazazi wengi tunashindwa pa kuyaanzia.

Sasa upande wa muziki wao. Hapa lazima ukubali kubadilishana, wimbo mmoja wako mmoja wake, na wake ukipigwa unyamaze, usigune, usiulize "huyu anasema nini", sikiliza mpaka uishe. Singeli kwa mfano watu wazima wengi wanaiona vurugu kwasababu ya spidi, lakini imezaliwa palepale Manzese na Tandale, na kabla yake kulikuwa na mchiriku na vile vinanda vidogo vya Casio, na nyuma ya mchiriku kuna ngoma za Wazaramo kama mdundiko. Kwahiyo mtoto wako akipiga singeli hajatoka nje ya ukoo, yuko kwenye tawi lingine tu, mwonyeshe hilo, mpigie mchiriku wa zamani uone atakavyokutolea macho. Na kama ni mtu wa bongofleva mwambie Banana Zorro ni mtoto wa Zahir Ally Zorro, mwanamuziki wa dansi, na marehemu Maunda naye ni dada yake Banana, baba kaimba, watoto wakaimba kwa namna yao, hakuna aliyelazimishwa kubaki kwenye staili ya mzee. Ukipata nyimbo za baba na za mtoto mnazisikiliza mfululizo siku moja, inatosha kuwa somo zima.

Taarab mi siyo mwenyewe sana, hiyo waachieni mabibi na mashangazi, wao wanajua kuifundisha kuliko sisi kwasababu wanaifundishia kwenye harusi ambako mtoto anaona mtu anainuka kwenda kutuza na anaelewa kwamba ule ubeti umemgusa mtu. Ila mtoto akifika miaka kumi na mbili hivi anaanza kufurahia mafumbo, mkae mfumbue pamoja, nani anasemwa hapa. Mkibahatika kwenda Zanzibar mwezi wa pili kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, lipo tangu 2004, mtoto anaona vyombo vya taarab kama udi, kanuni na fidla kwa macho yake. Hilo la kuona vyombo vinapigwa lina nguvu sana, hata bendi ya kwenye harusi ya jirani, msogeze mpaka karibu na mpiga besi asimame hapo.

Kwa mlio nje, Oman, Uingereza, Marekani, dansi inawafaa mara mbili, kwasababu waimbaji wa zamani walikuwa wanatamka kiswahili taratibu na kwa ukamilifu, neno linasikika mwanzo mpaka mwisho, mtoto anaokota maneno bila kujua kwamba anasomeshwa.

Mtoto akifika umri wa miaka kumi na tatu mpaka kumi na saba mwachie. Ataukataa muziki wako, atakwambia unamwaibisha mbele ya wenzake, na hapo ndo wazazi wengi wanakata tamaa wanazima redio au wanarudi kwenye hotuba. Usizime, endelea kupiga kwa ajili yako mwenyewe. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani ulitoka 2013, waliwapigia vijana wa kama miaka ishirini nyimbo zilizovuma miaka tofauti tofauti, wakakuta vijana wana kumbukumbu na mapenzi siyo tu kwa nyimbo za wakati wao, bali pia kwa nyimbo za miaka ambayo wazazi wao walikuwa vijana, na hata za enzi za mabibi na mababu zilionekana ingawa kidogo. Yani zilishaingia, zilipigwa sebuleni na kwenye gari hao watoto wakiwa wadogo na hakuna aliyewafundisha. Kwahiyo huyo wa miaka kumi na nne anayefunga mlango wake usimhukumu leo.

Mwisho kuna kazi ya kufanya mapema kabla wazee hawajaondoka. Mchukue bibi au babu, mpigie wimbo mmoja wa ujana wake, washa rekoda ya simu alafu muulize maswali madogo madogo, alikuwa anaenda kucheza ukumbi gani, alivaa nini, alienda na nani, nauli ilikuwa shingapi, mwache aongee juu ya wimbo wala usiuzime. Maswali aulize mjukuu siyo wewe, wazee wanawaambia wajukuu vitu ambavyo sisi hatujawahi kuambiwa. Hiyo rekodi iweke kwenye flashi moja na nyimbo, na nyimbo zenyewe ziandike majina vizuri, bendi, mwimbaji, jina la wimbo, na mwaka kama unaujua, kwasababu flashi yenye Track 01 mpaka Track 60 haimsaidii mtu asiyezijua. Kazi ya kuandika mpe mtoto mwenyewe, akae na wewe umtajie huku kila wimbo unalia kidogo ili asikosee, na umlipe kwa bando la wiki.