Mhudumu wa malezi akija nyumbani na fomu

Ukitembelewa nyumbani na mhudumu wa mpango wa malezi, usiogope maneno ya kwenye fomu. Linalowashtua wazazi wengi ni “uchunguzi wa awali wa ukuaji”. Hapo hakuna ugonjwa uliogunduliwa. Ni maswali ya kuona kama mtoto anakaa, anashika vitu au anatoa sauti kulingana na umri wake. Akionekana amechelewa, hupewa rufaa kwa mtaalamu ampime vizuri.

Mtoto njiti hutumia “umri uliorekebishwa”: aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati, akifikisha miezi 6 hulinganishwa na wa miezi 4. Mkumbushe mhudumu, maana hili husahaulika. Na kabla ya kusaini ridhaa, uliza taarifa zenu zitaonwa na nani.