Kukuza Machenza na Mipungate Penye Jalidi

Anayetaka matunda ya jamii ya chungwa mahali penye jalidi aanze kwa kuchagua aina, kwa maana hakuna kifuniko kitakachouokoa mndimu mahali ambapo hata mchenza wa satsuma unataabika. Mndimu huumia halijoto ikishuka kidogo tu chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, ilhali satsuma iliyokomaa na kutulia huhimili takriban nyuzi 8 chini ya sifuri, na yuzu, jamii nyingine ya chungwa, huhimili zaidi. Nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa, juu ya shina la ponsirasi, jamaa ya mchungwa inayopukutisha majani, kwa sababu shina hilo huufanya mti upumzike mapema.

Panda kando ya ukuta unaopigwa na jua la mchana, wala si bondeni ambako hewa baridi hutuama. Mbolea ya naitrojeni isitiwe majira ya joto yanapokaribia kwisha. Kabla ya baridi kali, rundika udongo kuzunguka shina hadi upite kovu la kubebeshea kwa shubiri moja. Matawi yakifa yote, machipukizi yatatoka juu ya kovu, si kwenye ponsirasi, ambayo matunda yake ni machungu na yamejaa mbegu. Uondoe udongo huo baridi ikiisha, gome lisioze.

Ama mpungate, mmea wa jamii ya dungusi kakati, ulio sugu hauuawi na baridi bali na unyevu, hivyo upande kwenye tuta la changarawe. Vipande vyake bapa vya shina vikinywea na kulala chini, usivikate: vinapunguza maji ili visipasuke.