Somo: Kuandaa mchezo mfupi wa jukwaani kuhusu marafiki wawili vitani

Somo hili ni la vikundi vidogo: waigizaji watatu, ukumbi wa kuazima, mfuko mtupu. Mchezo ninaoutolea mfano ni wa dakika arobaini. Tuliuandika wenyewe kikundini na tumeuonyesha mara saba. Mara mbili za kwanza ulikuwa mbovu, na nitasema ulikosea wapi, maana makosa yale yale nimeyaona katika michezo mingi ya vita ya vikundi kama chetu.

Hatua ya 1: Tafuta kitendo

"Urafiki na dhamiri wakati wa vita" ni kichwa cha insha. Hakichezeki. Mwigizaji hawezi kuigiza dhamiri. Anaweza kufunga mlango, kuficha barua, kutia saini au kuiweka kalamu chini. Kwa hiyo kabla hamjaandika mstari hata mmoja, jiulizeni: mkono wa mtu huyu unatakiwa kufanya kitu gani ambacho moyo wake unakikataa?

Sisi kitendo chetu tulikipata katika Vita Kuu ya Kwanza. Januari 1916 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaingiza wanaume jeshini kwa lazima, kwanza wale wasio na wake wenye umri wa miaka 18 hadi 41. Sheria hiyo hiyo ilimruhusu mtu kwenda mbele ya baraza na kuomba aachwe kwa sababu ya dhamiri yake. Wengi hawakupata walichokiomba. Waliambiwa: sawa, bunduki hutashika, lakini sare utavaa na kazi za jeshi utafanya. Waliokataa hata hilo walihesabiwa kuwa askari wakaidi. Wachache walivushwa bahari hadi Ufaransa, karibu na mstari wa vita, ambako kukaidi amri kungeweza kumgharimu mtu uhai. Juni 1916 zaidi ya 30 kati yao walisomewa hukumu ya kifo, kisha pale pale wakasomewa kwamba imebadilishwa kuwa kifungo cha miaka 10.

Kabla ya hukumu hiyo baadhi yao walipewa adhabu ya jeshi iliyokuwa maarufu kwa namba tu, Namba 1. Mtu alifungwa kwa kamba kwenye nguzo, uzio au gurudumu, hadi saa mbili kwa siku. Adhabu hiyo ilikuja kufutwa mwaka 1923.

Sasa fikirini. Kamba haijifungi yenyewe. Kuna askari aliyeambiwa, "Wewe, mfunge." Na kama anayefungwa ni mtu aliyekua naye, wakaogelea mto mmoja? Hapo ndipo mchezo wetu ulipozaliwa. Wahusika tuliwaita Mlinzi, Mfungwa na Sajini. Kisa chenyewe tumekibuni, ila kamba haikubuniwa.

Hatua ya 2: Wote wawili wawe na haki

Hapa ndipo tulipoharibu. Katika maonyesho mawili ya mwanzo Mfungwa alikuwa mtakatifu na Mlinzi alikuwa mwoga. Dakika ya kumi nikiwa nyuma ya pazia nilichungulia nikaona nyuso zimemulikwa na simu. Sikuwalaumu. Walikwisha kujua nani mwema, sasa wakae wakisubiri nini?

Tukarudi mezani tukampa Mlinzi hoja. Mdogo wake yuko mstari wa mbele, na anaamini kwamba kila mwanamume anayekataa kwenda anaacha nafasi ambayo mwingine ataijaza, pengine huyo mdogo wake. Hoja hiyo inamchoma Mfungwa, na hana jibu kamili. Msimtafutie. Anachoweza kusema ni kwamba upande wa adui, ng'ambo ya waya wa miiba, nako kuna mdogo wa mtu, na Mlinzi naye hana jibu la hilo.

Kuna zoezi linalosaidia sana. Kila mwigizaji aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mama wa mhusika wake, akieleza kwa nini anafanya anachofanya, bila kumtukana yule mwenzake. Someni barua zote mbili kwa sauti. Ikiwa moja imekuja dhaifu, msimlaumu mwigizaji. Muswada wenu umepinda upande huo.

Hatua ya 3: Fagia hotuba

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" imo katika kila muswada wa aina hii niliowahi kuletewa. Ifute. Marafiki wa kweli hawasemi kwamba wao ni marafiki. Wanataniana, wanadaiana, wanakumbushana aibu za zamani. Kwenye mchezo wetu urafiki wote umebebwa na pampu ya baiskeli:

MLINZI: Pampu yangu iko wapi?
MFUNGWA: Ipo.
MLINZI: Miaka mitano, ipo tu.
MFUNGWA: Hukuwahi kuiulizia.
MLINZI: (Anamshika mkono, anaanza kuzungusha kamba.) Leo naiulizia.

Mstari huu wa mwisho ulichukua nafasi ya ukurasa mzima ambamo Mlinzi alilalamika kuhusu wajibu, nchi na Mungu. Aliyeuandika ukurasa ule ni mimi, na niliupenda sana. Muswada wa kwanza ulikuwa na maneno karibu elfu saba, tukabaki na elfu nne. Mimi hukadiria maneno mia moja kwa dakika ya jukwaani, pamoja na vituo na kimya.

Hatua ya 4: Kamba

Mtashangaa nikikaa sana kwenye kamba, lakini ndiyo mchezo wenyewe, na ndiyo inayoweza kuumiza mtu.

Tumieni kamba nene ya pamba. Ya nailoni inachoma ngozi na fundo lake hujikaza lenyewe. Msitumie kitanzi kinachoteleza, hata mara moja. Sisi tunazungusha kamba mara tatu kwenye kifundo cha mkono na nguzo, na ncha yake anaishika mfungwa mwenyewe kiganjani. Akifumbua ngumi, kamba inalegea yote. Watazamaji hawaoni, kwa sababu Mlinzi anafanya kazi hiyo akiwapa mgongo nusu. Mikono ibaki chini ya usawa wa moyo. Shingo haiguswi. Msimamizi wa jukwaa awe na mkasi mfukoni, siyo kwenye begi, na waigizaji wakubaliane neno moja lisilomo katika muswada, ambalo likitamkwa kila kitu kinasimama.

Mkimaliza usalama, njooni kwenye sanaa. Fungeni kamba hiyo mara hamsini bila kusema neno. Mara ya kwanza ifungwe kwa hasira, mara nyingine kwa haraka ili iishe, mara nyingine kama mtu anayemfunga mtoto kidonda. Mwigizaji wetu aligundua katika mara kama ya ishirini hivi kwamba Mlinzi angekunja kwanza mkono wa shati la rafiki yake ili kamba isimkwaruze. Hakuna mwandishi aliyemwambia. Onyesho lililofuata nilisikia ukumbi mzima umenyamaza pale pale alipokunja shati.

Hatua ya 5: Jukwaa, sauti na mavazi

Nguzo, benchi na taa moja ya pembeni vinatosha. Nguzo msiiweke katikati. Iweke pembeni, hatua saba au nane kutoka kwenye benchi, ili kila amri ya Sajini imlazimishe Mlinzi kutembea mbele ya macho ya watu. Mtu anayetembea kwenda kufanya asichotaka anasema mengi kuliko aliyesimama. Wekeni alama za utepe sakafuni tangu zoezi la kwanza la kusimama.

Milio ya mabomu kutoka kwenye spika ndogo inasikika kama sufuria zinaanguka jikoni. Achaneni nayo. Sisi tuna kikombe cha bati juu ya benchi, kimefungwa uzi mwembamba unaopita nyuma. Msimamizi anauvuta kidogo kidogo, kikombe kinatetemeka, na waigizaji wawili wanakitazama bila kusema kitu. Vita iko mle.

Mavazi yawe koti zito, mkanda na buti. Nchi nyingi zina sheria inayomkataza raia kuvaa sare za jeshi, kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya kuazima chochote chenye mabaka au vyeo. Bunduki tumeiondoa kabisa. Mkiona lazima muwe nayo, hata ya mbao, isielekezwe kwa watazamaji, na njiani ibebwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Hatua ya 6: Mazoezi

Wiki sita, mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara. Wiki ya kwanza ni kusoma mkiwa mmekaa. Ya pili na ya tatu mnasimama na kupanga miondoko, makaratasi mkononi. Ya nne makaratasi yanawekwa chini, na siku moja ndani yake Mlinzi na Mfungwa wabadilishane nafasi. Siku hiyo msiikose. Ya tano mnakwenda mwanzo hadi mwisho bila kusimama, hata mtu akisahau. Ya sita ni taa, mavazi, na kulala mapema.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi naongoza watoto wa miaka kumi na mitatu na kumi na minne. Kamba naiogopa. Je, mchezo unawezekana bila kamba?

Jibu: Marahaba, na unafanya vizuri kuogopa. Badilisha kitendo, usibadilishe mzani. Mpe mtoto mmoja barua ya rafiki yake aliyejificha, na mtu mzima anayeuliza kwa upole kabisa: "Una habari zake?" Upole huo unatisha kuliko kelele. Barua iwe mfukoni tangu mwanzo, na watazamaji waione ikiingia.

Swali: Kikundi chetu ni wanawake watupu. Tuvae kama wanaume?

Jibu: Mnaweza, na baada ya dakika tatu hakuna atakayekumbuka. Lakini kwenye historia hiyo hiyo mna kisa chenu. Kuanzia Agosti 1914, Uingereza, baadhi ya wanawake waligawa manyoya meupe kwa wanaume wasiovaa sare, kama alama ya uoga. Chukueni marafiki wawili: mmoja ana kikapu cha manyoya, mwenzake ana kaka nyumbani asiyetaka kwenda. Unyoya hauna uzito wowote. Muacheni mwigizaji aubebe kama tofali.

Swali: Kaka, sisi hatuna mwandishi. Tukichukua tamthilia iliyokwisha chapishwa, tunahitaji ruhusa hata kama hatuuzi tiketi?

Jibu: Kwa kawaida ndiyo. Kutouza tiketi peke yake hakuwaondolei wajibu wa kuomba. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za waandishi, unalinda kazi ya mwandishi uhai wake wote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeifanya 70. Wengi wananaswa hapa: mwandishi alifariki karne nyingi zilizopita, lakini tafsiri ni ya juzi, na mfasiri ana haki yake. Andikeni kwa mchapishaji mapema, kabla ya kugawa nafasi.

Swali: Kwa nini vita vya mbali na vya zamani? Watu watasema haviwahusu.

Jibu: Nilijaribu zamani kuandaa mchezo wa vita ambavyo watazamaji wenyewe walikuwa na pande. Walikaa ukumbini kwa pande, wakashangilia kwa pande, na marafiki wawili jukwaani hawakuonekana. Vita vya mbali vinampa mtu nafasi ya kusikiliza kabla hajajua amsaidie nani. Anayehusika atahusika tu, utamwona anavyotoka.

Swali: Mwigizaji wetu mmoja aliwahi kukimbia vita kweli. Kwenye mazoezi analia na wengine wanasema ndiyo uigizaji bora. Mimi sina uhakika.

Jibu: Wasimamishe hao wengine. Mtu anayelia kwa kidonda chake haigizi, na kesho atatakiwa kulia tena saa ile ile. Zungumza naye faraghani, umuulize anataka nafasi ipi, na ukubali jibu lolote, hata akitaka kushika taa. Akibaki kwenye nafasi, asitumie kumbukumbu zake; ampe mhusika kazi ya mikono na aifuate. Na wewe usimtangaze kwa watazamaji ili kuupa mchezo uzito. Pale mlangoni waambieni watu kwamba mchezo una vita na mtu kufungwa, ili mwenye lake achague kuingia au kutoingia.

Swali: Mwisho wake je? Mlinzi analegeza fundo au halegezi?

Jibu: Tulijaribu miisho mitatu. Alipolegeza, watu walipiga makofi na wakatoka wakiongea habari nyingine. Alipokaza, walimchukia, tukarudi kule kule kwenye mwoga na mtakatifu. Mwisho tunaotumia sasa aliuleta mwigizaji wa Mfungwa, siku ile ya kubadilishana nafasi. Mlinzi amelegeza. Buti za Sajini zinasikika zikija kukagua. Mlinzi amesimama tu, na ni Mfungwa anayenong'ona: "Kaza. Anakuja." Mwenye taa ahesabu mbili kimoyomoyo, kisha azime kabla mkono wa Mlinzi haujafika kwenye kamba. Mwambieni asiwahi hesabu hiyo, na asichelewe hata kidogo. Sisi tulimfanyisha mazoezi peke yake jioni nzima.