Somo: Kumtafutia mtoto anayesomea nyumbani cheti cha sekondari cha Marekani chenye ithibati ya kweli

Asalaam aleikum na habari za jioni wanajamvi. Mwezi huu peke yake nimejibu swali hili inboksi mara kumi na moja, kila mara naanza upya. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Niko Tanga, Chumbageni. Binti yangu ana selimundu. Kidato cha kwanza alikosa shule jumla ya wiki tisa, ndipo tukaamua asomee nyumbani.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu diploma ni stashahada, unaipata chuoni. Marekani "high school diploma" ni cheti cha kumaliza sekondari, darasa lao la 12. Ukichanganya hapo, yote yanayofuata hayataeleweka.

Hatua ya 1. Amua cheti kitatumika wapi. Andika majina ya vyuo viwili vitatu.

Hatua ya 2. Kama kitatumika hapa nchini, waulize NECTA (Baraza la Mitihani) kabla hujalipa hata shilingi. Wao ndio wanaolinganisha vyeti vya sekondari vya nje. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni kwa vyuo vikuu. Jibu la wakala usilitegemee.

Hatua ya 3. Ithibati (accreditation), yaani chombo cha nje kuikagua shule na kuthibitisha inakidhi viwango. Hapa ndipo nilipoungua. Tovuti ya shule ya kwanza niliyomwandikisha ilikuwa na neno "accredited" juu kabisa, na pembeni nembo ya chombo chenye jina zito. Nikabofya nembo, ikanipeleka kwenye tovuti ya hicho chombo, jina la shule nikalikuta. Nikaridhika, nikalipa dola 390. Binti akasoma miezi 14, siku nyingine yuko kitandani na plasta ya dripu bado iko mkononi. Cheti kikaja kwa posta: karatasi nene, muhuri wa dhahabu ulioinuka, akawa anaupitishia kidole. Chuo tulichoomba kikajibu mistari miwili tu, kwamba chombo kilichoipa shule hiyo ithibati hakitambuliki. Nilipochimba nikakuta shule na chombo vina anwani moja. Ilikuwa imeandikwa chini ya ukurasa siku zote na sikuitazama. Nililia siku ile, na sitaki mzazi mwingine alie.

Kwa hiyo someni hapa taratibu. Wizara ya Elimu ya Marekani haitoi ithibati kwa shule za sekondari. Anayekuambia shule yake imeidhinishwa na wizara hiyo anakudanganya. Kazi hiyo hufanywa na vyombo binafsi: Cognia (zamani AdvancED), Middle States Association, WASC ya upande wa magharibi, NEASC ya New England. Baadhi ya majimbo nayo yana utaratibu wake. Usibofye nembo. Andika mwenyewe anwani ya chombo, fungua orodha yao, itafute shule. Linganisha jina, mji na jimbo, maana shule zenye majina yanayofanana ni nyingi. Tazama ithibati inahusu ngazi gani, isije ikawa ya msingi tu. Kisha kiandikie chuo unachokitaka, uliza kama wanampokea mwanafunzi wa shule hiyo, na jibu lao lihifadhi.

Maonyo: "mwanachama wa jumuiya fulani" si ithibati. Anayeuza vitabu na mtaala anaweza asiwe na mamlaka ya kutoa cheti kabisa. Cheti cha wiki mbili, au cha mtihani mmoja anaoufanya mtoto sebuleni bila msimamizi, kimbia.

Hatua ya 4. Kila shule inasema ratiba yake inanyumbulika. Uliza vipindi ni mubashara au vimerekodiwa. Sisi tuko mbele ya New York kwa saa 7 majira yao ya joto, saa 8 majira ya baridi. Kipindi cha saa 10 jioni kule ni saa 5 usiku Tanga, na Novemba wakirudisha saa nyuma kinakuwa saa 6. Mtoto mgonjwa hawezi. Uliza pia: akilazwa wiki tatu, somo linafungwa? Kuongeza muda ni kiasi gani?

Hatua ya 5. Hesabu krediti. Krediti moja kwa kawaida ni somo la mwaka mzima, na kipimo cha zamani ni saa 120. Idadi ya krediti za kumalizia inatofautiana. Florida, kwa mfano, cheti cha kawaida kinadai 24.

Hatua ya 6. Lipa kwa mwezi, usilipe yote kwa mpigo.

MASWALI

Mzee wa Makorora: Dada nitumie linki ya shule nzuri na bei.
Jibu: Hatua ya 1 na ya 3. Siwezi kukuchagulia bila kujua mtoto anakwenda wapi.

Kaka Pwani: Kwa hiyo akimaliza anaingia chuo mwaka wa pili moja kwa moja, si ana diploma?
Jibu: Hapana. Rudi juu, aya ya tatu.

Fundi Simu: Mnahangaika bure na Wazungu. QT ipo.
Jibu: Sijasema haipo, kaka. QT ni mtihani wa maarifa wa NECTA. Aliyemaliza la saba akakosa sekondari anafanya QT, akifaulu anajiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa mtoto atakayebaki kwenye mfumo wetu ndiyo njia ninayoishauri kwanza. Wangu shangazi yake yuko Marekani na anataka kusomea huko. Kila mzazi na hali ya mtoto wake.

Mgosi wa Lushoto: Shikamoo dada. Kijana wangu alifaulu Form Two akaumwa mgongo. Miaka ile miwili itapotea? Halafu GED ni kitu kilekile?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole kwa kijana. Haipotei lazima. Nenda shuleni kwake, omba ripoti za mihula yote zenye muhuri na sahihi ya mkuu, na matokeo ya Form Two. Bahati nzuri ziko kwa Kiingereza. Shule mpya itazipitia na kusema inahesabu krediti ngapi. Waombe waandike kabla hujalipa, na waulize kikomo, maana nyingi zinataka sehemu ya masomo ifanyike kwao. GED ni kitu kingine, ni njia ya Marekani ya kupata cheti kinacholingana na cha sekondari kwa mitihani tu: mitihani minne, ya hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, na alama ya kufaulu ni 145 kwa kila mmoja. Vyuo vingi vya Marekani vinaipokea, ila waulize vyuo vyako. Ukipata ripoti zipige picha unitumie, nitakusaidia kuzipanga.

Mama Zuhura: Umeme ukikatika katikati ya mtihani mnafanyaje? Sisi Mikanjuni ndiyo tabu yetu.
Jibu: Nilinunua betri ndogo ya kuwashia rauta. Masomo napakua usiku kwa bando la usiku, asubuhi anasoma bila intaneti. Siku ya mtihani nampeleka maktaba ya mkoa, na simu ya pili ina bando la mtandao mwingine.

Mgosi wa Lushoto: Ahsante sana dada. Kesho naenda kwa mkuu wa shule.
Jibu: Chukua nakala tatu tatu, zote zigongwe muhuri. Mimi nilichukua moja nikalazimika kurudi.