Kabla ya Kushuka Pwani Maji Yakipwa: Yanayopaswa Kujulikana Kuhusu Mwezi, Jua na Saa

Katika ufuo wa mashariki wa Unguja, kuanzia Jambiani na Paje hadi Bwejuu, bahari inapokupwa huacha wazi uwanda mpana wa mchanga na matumbawe, ambako wakulima wa mwani na wachokoaji wa pweza hufanya kazi zao na wageni hutembea kwa miguu kuelekea mwambani. Uwanda huo ni salama kwa muda maalumu tu, na muda wenyewe hupangwa na mwezi na jua. Kwa hiyo anayekusudia kushuka aanze kwa kutazama tarehe ya mwezi, na saa ifuate baadaye.

Mvuto wa mwezi hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Upande wa dunia unaouelekea mwezi huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko kitovu cha dunia, na upande wa pili huvutwa kwa nguvu pungufu kuliko kitovu hicho. Tofauti hiyo ndiyo inayoyakusanya maji pande zote mbili, na ndiyo sababu pwani yetu hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kwa kuwa mwezi nao huizunguka dunia, mzunguko huo wa maji kujaa na kupwa mara mbili hukamilika kwa wastani wa saa 24 na dakika 50, wala si kwa saa 24 kamili. Aliyeshuka jana asidhani kwamba saa ile ile itamfaa leo, kwani maji yatachelewa kwa takriban dakika 50.

Jua pia huvuta. Uzito wake ni mara milioni 27 hivi ya uzito wa mwezi, lakini liko mbali karibu mara 390 zaidi, na nguvu ya kuinua maji hupungua upesi mno kwa umbali, hata mchango wa jua ukawa chini kidogo ya nusu ya ule wa mwezi. Isaac Newton alilieleza jambo hili mwaka 1687. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaribia kuwa kwenye mstari mmoja, nguvu hizo mbili hujumlishwa, na hapo huwa bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa robo, jua hupunguza kazi ya mwezi na huwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Bahari huchelewa kuitika, hivyo bamvua lenye nguvu zaidi huja siku moja au mbili baada ya mwandamo au mwezi mpevu. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huko Zanzibar hupita mita 3, na mabamvua makubwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu inaweza kushuka hadi mita 1 hivi, na sehemu kubwa ya uwanda isifunuke kabisa.

Mabamvua hayalingani. Mwezi unapokuwa karibu na dunia, kiasi cha kilomita 363,000, nguvu yake ya kuinua maji huizidi kwa karibu asilimia 40 ile ya mwezi ulio mbali, kiasi cha kilomita 405,000. Mwezi wa Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, nalo huongeza nguvu.

Sasa saa. Katika pwani hii, maji ya bamvua hupwa mnamo saa 4 hadi saa 5, asubuhi na usiku, ilhali ya maji mafu hupwa alfajiri na alasiri. Jedwali la maji litasomwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu huandika saa kuanzia usiku wa manane: 10:20 ndani yake ni saa 4 na dakika 20 asubuhi. Anayeisoma kama saa 10 alasiri amekosea kwa saa 6, na saa 6 ni karibu muda ule ule unaotenganisha kupwa na kujaa, kwa hiyo atafika bahari ikiwa imejaa. Kosa hili lina hatari kuliko yote, hasa pale mgeni na mwenyeji wanapopangiana saa kwa simu. Aidha, baadhi ya majedwali hutumia saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3.

Panga kugeuka nyuma kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa. Bamvua la mita 3.6 huinuka takriban sentimita 30 katika saa ya kwanza, 60 katika ya pili, na 90 katika kila moja ya saa mbili zinazofuata. Upole wa mwanzo ndio unaowadanganya watu. Pia maji hayaji kwa usawa kutoka mwambani, bali hupenya kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo nyuma yako, karibu na ufuo, hali mchanga unaosimama juu yake bado ni mkavu. Waulize wakulima wa mwani mikondo iko wapi. Vivyo hivyo kwa barabara ya kisiwa cha Uzi, inayopita katikati ya mikoko na kufunikwa na maji: uliza saa ya kurudi kabla ya kuvuka kwenda.

Jedwali hukadiria mwezi na jua tu. Upepo mkali wa kusi unaovuma kuelekea nchi kavu unaweza kuyaleta maji mapema na juu zaidi. Vaa viatu vya soli ngumu, na mwambie mtu wa ufuoni saa utakayorudi. Kupwa kwa pili kwa bamvua, kule kwa usiku, waachiwe wenyeji wanaoijua mikondo.